Jina Bila Sura, Sura Bila Jina: Mchongaji wa Lipiko na Fundi wa Sura Bandia katika Filamu

Kinyago ulichokichonga mwenyewe, wasema wahenga, hakikutishi. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkumbusha mkubwa kwamba ukubwa wake ulitoka mikononi mwa wadogo. Lakini ikisomwa polepole, kama unavyosomwa mshororo wa shairi, huonekana kuwa imebeba pia nadharia nzima ya sanaa. Katika uwanja mzima wa ngoma inamtaja mtu mmoja tu asiyetishika, naye ni fundi. Wengine wote wana ruhusa ya kuogopa. Yeye peke yake anajua mti uliangushwa wapi, tezo iliteleza upande gani, na ufa uliojitokeza shavuni ulizibwa kwa nini. Methali imemkumbuka fundi kwa ajili ya elimu yake. Jina lake haikulijali. Na suala la jina hilo si dogo, kwani limeigusa pwani ya kusini tangu enzi ya masultani wa Kilwa hadi enzi ya filamu.

Kwanza itazamwe kazi yenyewe. Katika bara iliyo nyuma ya pwani ya Lindi, kwenye nyanda za juu za Newala ambazo leo zimo katika Mkoa wa Mtwara, na ng'ambo ya mto Ruvuma huko Mueda, Wamakonde wana sura inayovaliwa. Huiita lipiko ikiwa moja, na mapiko zikiwa nyingi. Lipiko la aina ya kofia huchongwa kwa mti mwepesi, likakombwa ndani hadi ganda libaki jembamba, kwa kuwa mchezaji atalibeba kichwani huku akiruka na kutikisika. Halikai wima juu ya uso. Huinamishwa kidogo kuelekea nyuma, na mchezaji huona njia kupitia mdomo wake. Nywele zake ni nywele halisi za binadamu zilizonyolewa na kugandishwa utosini. Chale za uso, zile ambazo Wamakonde walizichanja katika ngozi zao wenyewe, mara nyingi hazichongwi katika mti bali huinuliwa kwa nta ya nyuki, mstari kwa mstari, hata uso wa mti uonekane una makovu ya nyama. Sura ya mwanamke hupewa ndonya katika mdomo wa juu. Mwili wa mchezaji hufunikwa nguo pia, ngozi ya mtu isionekane. Kaskazini mwa Ruvuma palikuwa hata na vinyago vya mwili: matiti na tumbo la mja mzito vilivyochongwa kwa mti na kufungwa kiwiliwilini mwa mwanamume, ambaye alicheza uja uzito asioweza kuubeba.

Msomaji akiiondoa ngoma katika maelezo hayo na kuiweka kamera mahali pake, atakuwa ameisoma orodha ya kazi ya msanii wa sura bandia katika filamu. Huyu naye hutengeneza ganda linalokaa juu ya kichwa cha mtu mwingine, hupandikiza nywele, huongeza tumbo, huzeesha shavu, huchora kovu lisilokuwapo. Katika filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, ambayo idara yake ya upambaji wa sura iliongozwa na Joel Harlow, kiwiliwili cha mwigizaji Michael B. Jordan kilijazwa makovu ya kuinuka kwa kubandikwa vipande vingi vya silikoni. Watazamaji wengi waliyaona makovu yale kuwa ni ubunifu mpya wa Marekani. Hapana shaka yalikuwa kazi ya ustadi. Lakini fundi wa kimakonde alikwisha kulitatua tatizo hilohilo: namna ya kuuinua uso uliolala hadi mwanga ukatike juu yake na jicho lisome kidonda. Mmoja alitumia silikoni, mwingine alitumia mzinga wa nyuki.

Tofauti yao haimo katika ustadi, bali katika makubaliano yao na mtazamaji. Msanii wa filamu huficha maungio. Kipande cha mpira kinapokutana na ngozi, ukingo wake lazima uyeyuke, kwani kamera husogea karibu kuliko jicho la jirani, na mtazamaji akiuona ukingo huo hadithi huvunjika. Mchongaji wa lipiko hana haja hiyo. Mti ni mti, nguo ni nguo, na miguu inayokanyaga vumbi ni miguu ya mwana wa mtu fulani. Zamani mafundisho ya wanaume yalikuwa kwamba lipiko ni mzuka wa marehemu, na mchongaji alifanya kazi yake porini mbali na macho ya wanawake na watoto. Mvulana aliyeingia jandoni aliifunuliwa siri: chini ya sura ile yumo mtu. Tangu siku hiyo alikuwa mlinzi wa siri hiyo, na hofu yake iligeuka kuwa heshima ya hiari. Wanawake nao waliokimbia na kurudi, kisha wakakimbia tena kwa vigelegele, si vyepesi kuwaita waliodanganywa. Walishiriki mchezo ambao sharti lake ni kutousema ukweli unaojulikana.

Wapenzi wa ushairi hawahitaji kufundishwa sharti hilo. Mshairi anaposema "mimi" kwa kinywa cha jahazi, cha ndege au cha mke aliyeachwa, hakuna anayesimama barazani kumwambia kwamba yeye si jahazi. Wasikilizaji hukubali, na kukubali kwao ndiko kunakoipa beti nguvu. Lipiko ni fumbo la mti: halimwibii mtazamaji akili yake, humwomba aiazime kwa muda wa ngoma.

Hapa ndipo panapohitaji kutenganishwa mambo mawili ambayo wahakiki wa sanaa za Afrika wameyachanganya mno. Liko jina la mvaaji, na liko jina la mchongaji. Jina la mvaaji halitajwi wakati wa ngoma, na kutotajwa huko ni sehemu ya sanaa yenyewe, kama vile ukimya wa kituo ulivyo sehemu ya ubeti. Hata Hollywood imewahi kulijua jambo hilo. Filamu ya Frankenstein ilipoonyeshwa mwaka 1931, katika majina ya mwanzo mahali pa mwigizaji wa zimwi paliwekwa alama ya kuuliza tu. Jina la Boris Karloff lilitokea mwishoni. Lakini kutotajwa kwa mchongaji ni jambo jingine kabisa. Waliopita jandoni walimjua ni nani, na aliyetaka sura nzuri alijua aende kwa nani. Jina lake halikufichwa na mila. Lilipotea njiani, baina ya kijiji na kabati la kioo.

Njia hiyo ilipita Lindi. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa vimeivuruga mipango yake ya kwenda kwingine, Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alishuka katika bandari ya Lindi, akapanda bara kuelekea Masasi na Newala. Katika mizigo yake zilikuwamo kamera ya picha za kawaida, kamera ya picha zinazotembea, na fonografu ya kunasa sauti katika silinda za nta. Kwa hiyo sanaa ya filamu iliufikia upande huo wa Tanzania mapema mno, miaka kumi na moja tu baada ya maonyesho ya kwanza ya ndugu Lumière mjini Paris. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1908 wamo wachezaji wenye vinyago. Wapo pia vinyago vyenyewe, vimepigwa picha kama vitu, bila miili ndani yake.

Vyombo vile viwili, kamera na fonografu, havikuweza kufanya kazi kwa pamoja. Kamera ilichukua mwendo bila sauti, na nta ikachukua sauti bila mwendo. Mtu akitafuta ngoma nzima katika hazina ile atapata nusu mbili zisizokutana. Na juu ya nusu zote mbili lilikuwapo pengo la tatu. Sura ilisafiri, na jina la kabila likasafiri nayo, likiandikwa kwenye kadi: Makonde. Jina la mtu halikupanda meli. Si kosa la mtu mmoja. Ndivyo elimu ya zama zile ilivyowaona Waafrika, kwamba mtu wa Ulaya huchonga na kabila la Afrika huchonga.

Ajabu ya pwani hii ni kwamba kaskazini kidogo ya Lindi, safari fupi ya jahazi, palikuwapo desturi iliyo kinyume cha hiyo. Masultani wa Kilwa Kisiwani walipiga sarafu zao wenyewe kwa karne kadhaa, nyingi zikiwa za shaba, baadhi yake ndogo kama ukucha. Juu ya sarafu hizo hakuna sura ya mtu. Upande mmoja lipo jina la sultani, kama Ali bin al-Hasan, au al-Hasan bin Sulaiman ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331. Upande wa pili pameandikwa maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na maneno hayo yanatoa kina kimoja na jina lililo upande wa kwanza. Mtu akiigeuza sarafu ya Kilwa kiganjani huwa ameusoma ubeti wa vipande viwili. Jina lililotiwa katika kina halisahauliki upesi. Mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na wataalamu walipozichunguza waliweza kusema ni za nani, kwa kuwa jina lilikuwamo.

Kwa hiyo pwani moja imetuachia mali mbili zenye upungufu unaojazana: Kilwa ina jina bila sura, na bara ya Lindi ina sura bila jina. Hakuna anayejua pua ya al-Hasan bin Sulaiman ilikuwaje; hata hivyo yeye ni mtu katika historia. Na lipo lipiko lenye paji la uso la mtu mahususi, na mdomo ulio nusu wazi kama wa mtu aliyekatizwa katikati ya neno, na aliyelichonga si mtu katika historia. Wanaodhani kwamba sura yatosha kumhifadhi binadamu wazitafakari sarafu hizi.

Msomaji aweza kudhani kwamba wenzetu wa filamu waliliepuka janga hilo tangu mwanzo. Hawakuliepuka. Maisha ya Jack Pierce ni ushahidi. Alizaliwa Ugiriki mwaka 1889, akahamia Marekani, na katika studio ya Universal ndiye aliyeifinyanga sura ya zimwi la Frankenstein: bapa la utosi, kope nzito, vyuma vya shingoni. Alijenga kwa pamba na kolodioni, utomvu unaoganda ukikauka, tabaka juu ya tabaka, kwa saa kadhaa kila asubuhi, na jioni akaibomoa kazi yake kwa mikono yake mwenyewe. Sura hiyo inatambulika hadi leo kwa watoto ambao hawajaiona filamu yenyewe. Lakini mpira wa povu ulipokuja na kuifanya kazi iwe nyepesi na ya haraka, Pierce alishikilia njia yake ya polepole, na katika miaka ya 1940 studio ikaachana naye. Alikufa mwaka 1968, wakati zimwi lake lilikuwa maarufu kupita yeye.

Tuzo za Oscar zilianza kutolewa mwaka 1929, lakini tuzo ya kudumu ya upambaji wa sura haikuanzishwa hadi zilipopita zaidi ya nusu karne. Mwaka 1980 ilitoka The Elephant Man, ambayo Christopher Tucker aliitengenezea sura ya mtu aliyelemazwa na maradhi, na manung'uniko ya kutotuzwa kwake ndiyo yaliyosukuma kuanzishwa kwa tuzo hiyo. Wa kwanza kuipokea alikuwa Rick Baker, kwa An American Werewolf in London ya mwaka 1981. Somo lililomo humo ni la wazi. Jina la fundi halikuingia katika kumbukumbu kwa sababu sura iliyomo ndani ya filamu ilikuwa bora kuliko za zamani. Liliingia kwa sababu watu walidai.

Katika Dar es Salaam nako kuna kisa kinachostahili kukumbukwa. Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa na kuchukua vitu kadhaa, miongoni mwao lipiko la Wamakonde. Mwaka uliofuata lipiko hilo lilinunuliwa Paris na jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva. Mwaka 1990 mtaalamu wa Italia, Enrico Castelli, alilitambua, na habari ikafika Tanzania. Yalifuata mazungumzo ya miaka ishirini. Tarehe 10 Mei 2010 mapatano yalitiwa saini mjini Paris, chini ya mwavuli wa Baraza la Kimataifa la Makumbusho, na jumba la Geneva likakubali kulitoa lipiko lile kwa Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Mapatano yaliliita tendo hilo hiba. Wanaoipenda lugha wana haki ya kusita juu ya neno hilo. Mtu humpa mwenzake hiba ya mali yake. Mali ya mwenzake humrudishia.

Hata hivyo jambo linalohusu zaidi sanaa ni hili: lipiko lile liliweza kutambuliwa. Kama vinyago vingekuwa mfano mmoja unaorudiwarudiwa na kabila, kama kadi za makumbusho zilivyotaka kutuaminisha, basi lipiko moja lisingetofautika na jingine, na mwizi angekuwa salama milele. Lilitambulika kwa kuwa lilikuwa uso, na uso ni wa mmoja. Uso wa mmoja hutoka katika mkono wa mmoja. Katika habari za kurejea kwake ilitajwa nchi, yakatajwa majumba mawili, ikatajwa miji na maprofesa. Mchongaji hakutajwa. Alirudi nyumbani kama alivyoondoka, yumo ndani ya kazi yake kama mvaaji asiyepaswa kuitwa, ilhali yeye hakuwa mvaaji.

Fasihi ya Kiswahili imelitendea haki zaidi suala la sura ya kuvaa kuliko jina la anayeitengeneza. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi mwaka 1943, aliuandika mchezo wa Mashetani, uliochapishwa mwaka 1971. Humo wanafunzi wawili, Juma na Kitaru, wanaigiza mchezo wa shetani na binadamu. Mchezo unakwisha, lakini kwa Kitaru haukwishi. Unamkaa akilini hadi unamwuguza. Hussein hakuhitaji mti wala nta. Alichonga kwa maneno sura ambayo mvaaji wake anashindwa kuivua, na kwa njia hiyo akaonyesha upande wa hatari wa sanaa hii: makubaliano ya kuazima akili kwa muda yanaweza kuvunjwa na sura yenyewe. Hakuna msomaji anayesita kusema kazi ile ni ya nani. Kalamu ilimpa Hussein kile ambacho tezo haikumpa jirani yake wa bara.

Filamu za Kiswahili ziko katikati ya hao wawili. Mwongozaji Mussa Banzi alipoleta mizuka na majini katika Nsyuka na Shumileta, katika miaka ya mwanzo ya 2000, aliwaingiza katika video viumbe ambao hadithi za jioni zilikuwa zimewalea kwa muda mrefu. Ni rahisi kuzicheka sura za filamu za namna hiyo, na wengi walizicheka, wakizilinganisha na kazi za studio zenye mamilioni ya dola. Mizani hiyo ni ya kuazima, tena haifai kupimia kila kitu. Filamu ya fedha kidogo isiyoweza kuficha maungio ina njia nyingine ya heshima, nayo ni njia ya lipiko: kuyaonyesha maungio bila haya na kumfunga mtazamaji kwa ahadi badala ya kumfunga kwa hila. Palipo na kasoro ya kweli katika filamu hizo si pale mpira unapoonekana kuwa mpira. Ni pale sura inapochukuliwa dukani bila kuchongewa mtu, ikawa ya zimwi lolote katika hadithi yoyote. Hapo ndipo methali nyingine inapostahili, ile ya uzuri wa mkakasi ambao ndani ni kipande cha mti. Lipiko ni kipande cha mti nje na ndani, na halikuona aibu, kwa sababu lilichongwa kwa ajili ya ngoma hiyo na watu hao.

Waongozaji wa Tanzania wanaotafuta sura za kutisha wangefanya vema kupanda basi kwenda kusini kabla ya kuagiza mpira kutoka ng'ambo. Wakifika, wasichukue umbo peke yake. Wamchukue fundi pamoja na jina lake, waliandike katika orodha ya filamu mahali panaposomeka, kwa herufi zilezile anazoandikiwa mwigizaji. Vivyo hivyo makumbusho, badala ya kutosheka na jina la kabila, waandike wazi kwamba mchongaji hakuandikwa. Maneno hayo yatamkumbusha mgeni kwamba mtu alikuwapo. Wahakiki nao waache kusema "sanaa ya jadi" kana kwamba jadi ina vidole.

Majina mengi ya wachongaji wa zamani hayatapatikana tena. Lakini uchongaji haujafa kusini, wala katika miji ambako Wamakonde walihamia na tezo zao. Fundi aliye hai anaweza kuulizwa jina lake, na jina la aliyemfundisha, na huyo wa pili aghalabu hajasahauliwa na mwanafunzi wake. Vizazi viwili vingeandikwa kwa swali moja, na kazi hiyo haihitaji kamera wala mapatano ya Paris.